Mfereji wa Mata Mbele ya Kamera

Binti wa Zakaria alinipigia simu mwezi uliopita kunijulisha kwamba baba yake ametutoka. Alizungumza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulia, akanitajia siku ya mazishi, na nilipomuuliza ugonjwa ulikuwa gani akajibu, "Kibofu, Profesa. Saratani ya kibofu. Daktari alisema chanzo chake ni cha miaka mingi nyuma." Kisha akaongeza kwa adabu kwamba walikuwa wakiandika wasifu wa marehemu, na hawakujua mimi na yeye tulijuana vipi. Nilimwambia kwamba katika ujana wangu niliwahi kuwa mkalimani kijijini kwao, Mata, kwa majuma mawili, na kwamba nilipanga chumba kwa nyanya yake. Hakuna neno la uongo katika jibu hilo. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimewafundisha wanafunzi kwamba sentensi inaweza kuwa sahihi katika kila neno na bado ikaficha jambo lenyewe lililoulizwa. Na sasa, simu ikiwa bado mkononi, nilitambua kwa mshtuko jinsi sentensi ya namna hiyo ilivyonitoka kwa urahisi. Niliyomnyima binti yule ndiyo haya.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nimeacha seminari nikiwa na Kilatini cha kutosha, Kigiriki cha kujivunia, na hakuna kazi yoyote mtu angeweza kunipa kwetu Chawia, milimani, kwa sababu ya lugha hizo mbili. Likaja kundi la watu watano wa televisheni kutoka ng'ambo, waliotaka kutengeneza filamu juu ya magonjwa ya vimelea katika nchi za joto, na sehemu moja ya filamu hiyo ilikuwa juu ya kichocho katika mashamba ya kumwagilia kule Taveta. Walimtafuta mtu wa kuwatafsiria. Katika wale watano mmoja tu ndiye aliyekuwa daktari, mzee mrefu asiyependa maneno. Wengine walikuwa mwongozaji, mpiga picha, mtu wa sauti na dereva. Lakini watu wa Mata waliwaita wote daktari, hata yule aliyebeba nyaya, na mimi wakaniita mwalimu, nami sikuona haja ya kuwasahihisha. Siku ya kwanza mwongozaji aliponitajia jina la kitaalamu la mnyoo huo, nilimweleza kwamba ni la Kigiriki na kwamba maana yake ni mwili uliopasuliwa, kwa kuwa dume ana mfereji ubavuni ambamo jike hukaa maisha yake yote. Alinitazama kwa mshangao wa furaha, akawaambia wenzake wamepata hazina. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja na nilijua asili ya jina la mnyoo. Usiku na mchana wa majuma yale mawili nilitembea nikiwa nimejaa sifa hiyo.

Chumba nilichopewa kwa Mama Eliseba kilikuwa ghala la vitunguu. Vilining'inia kwa mafungu kwenye boriti, na hadi leo harufu ya kitunguu kikavu hunirudisha kwenye kitanda kile cha kamba. Ukuta kati yangu na jikoni haukufika darini, kwa hiyo nilikula mara mbili: kwanza kwa masikio, kisha kwa mdomo. Jioni ya kwanza, ndizi zikiwa zinapondwa na maharagwe, nilimsikia jirani yake, Mama Samweli, akiuliza wageni wamefuata nini hasa.

"Eti mkojo," Eliseba akamjibu.

"Mkojo wa nini?"

"Wa watoto. Wautie kwenye chupa, wautazame."

"Mzungu amepanda ndege, ameacha watoto wake, aje kutazama mkojo wa Zakaria wako?" Mama Samweli alicheka hadi akakohoa. "Si angeandikiwa barua tu, atumiwe!"

"Cheka tu. Na wa Samweli wako pia wanautaka."

"Wauchukue wote, wasituachie hata tone." Kisha sauti yake ikashuka. "Lakini wamekuja kutafuta nini ndani yake? Hiyo damu?"

"Ndiyo hiyo."

"Hiyo si ya ukubwa? Mvulana akifika miaka ile si lazima aione? Baba Samweli aliiona, kaka zangu waliiona."

"Mimi nilijua Zakaria amekua alipoiona mwaka juzi," Eliseba akasema, na katika sauti yake mlikuwa na majivuno madogo ya mama.

Nilikaa kitandani nikiwa nimeshika kiatu kimoja. Zakaria, mvulana wa miaka kumi na minne aliyeniletea maji ya kuoga dakika chache kabla, alikuwa akikojoa damu kwa miaka miwili, na nyumba nzima ilikuwa ikilihesabu jambo hilo kama kuota ndevu. Mshtuko wangu wa kwanza, nakiri, ulikuwa wa msomi: niliona nimeokota jambo la maana. Asubuhi nilimsimulia mwongozaji, naye akaliandika katika daftari lake na kulipigia mstari.

Siku iliyofuata chupa ziliwekwa kwenye meza ya darasa la tano, kila moja na jina la mvulana kwenye karatasi. Zilipangwa dirishani ili jua lipite ndani yake. Ya kwanza ilikuwa na rangi ya chai nyepesi, nyingine rangi ya kutu, na ya Zakaria ilikuwa nyekundu ya zambarau iliyopondwa. Mpiga picha alizisogeza huku na huku, nyekundu zikakaa katikati. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya darasa. Mimi niliyetoka milimani, ambako maji hutiririka baridi na kasi, sikuwa nimewahi kuiona damu ikipewa nafasi ya heshima hivyo.

Daktari wa kweli alifanya kazi yake vizuri. Aliwapiga wavulana sindano, akawalaza darasani siku nzima kwa sababu dawa ile iliwalegeza, kisha akaomba kikao na wanawake. Alizungumza kwa upole na kwa mpango, nami nilitafsiri kila sentensi kwa uangalifu ambao bado najivunia: kwamba mayai hutoka na mkojo, huanguliwa majini, huingia ndani ya konokono, hutoka tena yakiwa vijidudu visivyoonekana kwa macho, na vijidudu hivyo hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, na kwamba aliyetibiwa akiingia tena, huanza upya. Mama Samweli, aliyecheka jioni ya kwanza, aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo ile haikuwa ya ukubwa?" Nilipomjibu kwamba haikuwa, alifunika mdomo kwa kanga. Jioni hiyohiyo wanawake walikata matawi ya mgunga yenye miiba wakaziba kivuko cha mfereji mahali ambapo watoto walikuwa wakioga. Kamati ya mfereji, chini ya mwenyekiti wake Mzee Lukindo, ilikubali kwamba maji ya kuoga na ya nyumbani yatoke kwenye pampu ya shule, mwendo wa robo saa.

Katika siku ya mwisho daktari alikuwa amekwenda Taveta kufunga vifaa vyake. Nilikuwa nanywa uji mwongozaji alipokuja kunieleza tatizo. Picha za watoto wakioga zilipigwa siku ya kwanza, chini ya wingu, hazikufaa. Sasa mbingu ilikuwa safi, mlima Kilimanjaro umejitokeza wote na theluji yake, na mwanga wa saa nne ulikuwa ukilala juu ya maji kama alivyoutaka. Aliwahitaji wavulana walewale, kwa sababu nyuso zao zilikwisha kuonekana kwenye tukio la chupa. Dakika kumi tu, alisema. Najaribu kukumbuka kama nilimkatalia. Nakumbuka nilisema kwamba walikuwa wametibiwa juzi. Nakumbuka alisema, kwa sauti ya mtu mwenye busara, kwamba dakika kumi si kitu, na kwamba filamu hii itaokoa watoto wengi kuliko hawa sita. Niliuona uzuri wa hoja hiyo. Nilikuwa nimefundishwa kuheshimu hoja iliyojengwa vizuri.

Miiba ikavutwa pembeni. Wavulana walisimama ukingoni wamevua mashati, na Zakaria akanigeukia mimi, si mwongozaji.

"Mwalimu, juzi si mlituambia tusiingie?"

Lilikuwa swali la kutafsiriwa. Kazi yangu ilikuwa kumpa mwongozaji swali hilo na kumrudishia mvulana jibu lake. Badala yake nilijibu mwenyewe.

"Leo ni ya picha tu. Ingieni."

"Na daktari amesema?"

"Daktari si huyo hapo?" nikasema, nikimwonyesha mwongozaji. "Ingieni, mcheze."

Wakaingia. Walicheza kwa haya mwanzoni, kisha kwa furaha ya kweli, kwa maana walikuwa watoto na ilikuwa siku ya joto. Juu ya ukingo wa pili wanawake waliokuwa wakitoka shambani walisimama wakatazama, na baada ya muda wakaenda zao.

Nilikwenda Voi, nikapata kazi ya ualimu wa muda, na jioni nilikuwa nikienda kwenye klabu ya wafanyakazi wa reli, ambako kulikuwa na televisheni iliyofungiwa ndani ya sanduku la mbao na antena iliyoinuliwa kwenye bomba refu. Picha ilikuja na chenga, ikienda na kurudi kwa kutegemea upepo, lakini ukumbi ulijaa kila siku. Jioni moja, miezi kadhaa baadaye, kabla ya taarifa ya habari, filamu ilianza na mlima niliokuwa nikiujua. Sikumwambia mtu. Nilishika kikombe cha chai nikangoja.

Walipofika kwenye wale minyoo wawili ndani ya mshipa, wakubwa kwenye kioo kama mikono ya mtu, ukumbi ulipiga kelele. "Yesu wangu!" fundi mmoja wa mabehewa alisema. "Wanaishi ndani ya damu wawili wawili?"

"Dume na jike," mwingine akafafanua. "Wameoana."

"Unasikia, Otieno? Hata mdudu ana bibi, wewe bado unapikiwa na mama yako!"

"Afadhali mimi," Otieno akajibu. "Huyo bibi yake hajawahi hata kutoka nje ya nyumba."

Kicheko kilikufa zilipotokea chupa. Mtu mmoja aliweka sahani yake chini. Kisha ukaja mfereji, mwanga wa saa nne, na msimulizi akaeleza kwa Kiingereza cha upole kwamba watoto hawa huingia majini kila siku bila kujua hatari inayowangoja, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia. Alinyamaza ili watazamaji waone uzuri wa mahali. Na katika kimya hicho, nyuma ya sauti ya maji, ikasikika sauti ya kijana, mbali lakini wazi: "Ingieni, mcheze."

"Heh!" Otieno aliinuka nusu kutoka kwenye benchi. "Mmesikia? Kuna mtu anaongea Kiswahili hapo. Anawatuma!"

"Nani anawatuma?"

"Simwoni, yuko nyuma. Lakini amesema waingie. Mzungu anasema hakuna mtu amewaambia kitu, na huyu mjinga wetu anawasukuma ndani!"

"Amelipwa huyo."

"Hata kama amelipwa! Hana mdogo wake nyumbani?"

Nilikuwa nimekaa benchi moja nao. Hakuna aliyenitazama, sauti ya mtu ikipita kwenye mashine hupoteza mwenyewe. Mwili wangu ulikuwa baridi kuanzia magoti kwenda chini, kana kwamba mimi ndiye niliyesimama majini. Nimesoma baadaye maelezo mengi juu ya dhamiri, katika lugha nne, na hakuna hata moja lililonisaidia kuelewa kwa nini sikuumia siku nilipolisema neno lile, nikaumia siku niliposikia likihukumiwa na mafundi wa reli waliokuwa wakila maharagwe.

Jumamosi nilipanda treni ya Taveta, na kutoka Taveta nikapata lori lililokuwa likienda kuchukua nyanya. Nilitaka kumwona Zakaria na kujihakikishia kwamba ni mzima. Sikufika kwake moja kwa moja. Kivukoni nilikuta watoto zaidi ya ishirini majini, na wanawake wakifua juu ya mawe, na miiba haikuwepo tena hata tawi moja. Mama Samweli alikuwa amesimama kati yao, maji yakimfika magotini, akanipungia mkono kwa furaha.

"Mwalimu! Karibu! Umepotea sana!"

"Mama, miiba iko wapi?"

"Tulitoa. Tuliichoma kama kuni, ilikuwa miiba mizuri."

"Kwa nini mliitoa?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Si daktari aliyaponya maji? Siku ya mwisho aliwaingiza watoto wenyewe, walewale waliodungwa sindano. Wewe ulikuwepo! Tukasema, mtu hawezi kumtibu mtoto Jumatano amrudishe kwenye ugonjwa Ijumaa. Ina maana maji nayo yametiwa dawa. Mzee Lukindo akasema basi, ile pampu ya shule tuwaachie walimu."

Walikuwa wamefikiri sawasawa. Katika kisa chote kile, hoja pekee iliyokosa kasoro ilikuwa ya wale wanawake waliosimama ukingoni wakatazama na kwenda zao; walikuwa wamekosea katika jambo moja tu, nalo ni kudhani kwamba sisi tulikuwa watu wa kufuata maneno yetu.

Zakaria nilimkuta nyumbani, amekonda kidogo. Nilimwomba Mama Eliseba aniruhusu nimpeleke kwenye zahanati ya shamba la mkonge lililokuwa jirani, na yeye, kwa kuona uso wangu, akafunga mlango akaja nasi. Mtu wa maabara pale alikuwa Bwana Wafula, mcheshi kutoka magharibi aliyekuwa amechoka kuishi mbali na mito ya kwao. Alizungusha mkojo kwenye mashine ya mkono, akaweka tone kwenye kioo, akainama juu ya hadubini, na mzaha ukamwisha. "Njoo uone, mwalimu," akasema.

Niliona yai moja, lenye umbo la mbegu ya tikiti, na mwiba mmoja nchani. Nilikuwa nimelitazama mara nyingi kwenye michoro. Lakini hili lilikuwa hai. Ndani yake kitu kilikuwa kikijikunja na kujikunjua, polepole, kama mtu anayejiweka sawa kitandani. Nilirudi nyuma nikagonga kabati la chupa.

"Ni yule wa zamani," Zakaria aliuliza kutoka mlangoni, "au ni mwingine?"

Wafula alinivuta pembeni. Kwa sauti ya chini alinieleza kwamba hakuna anayeweza kujua. Sindano zile haziui minyoo yote kila mara. Tena mtoto huyu angeweza kuupata ugonjwa siku yoyote tangu miiba ilipoondolewa. "Kwa hiyo usijibebeshe," akasema, kwa sababu nilikuwa nimemweleza kando tulipofika. "Mwambie mama ni wa zamani. Si uongo. Inawezekana kabisa."

Ilikuwa inawezekana kabisa. Nilikipima kile kisentensi, nikaona kimekamilika, hakina ufa. Kisha nikatoka nje, Eliseba alikokuwa amekaa kwenye ngazi.

"Mama, amekutwa nao. Kama ni wa zamani au mpya, hakuna anayejua. Lakini siku ile ya mwisho daktari hakuwepo. Maji hayakutiwa dawa yoyote. Zakaria aliniuliza kama daktari amesema, nikamwambia ndiyo. Ni mimi niliyewaingiza."

Midomo yake ilisogea bila sauti, na nilidhani ananilaani. "Kwa sababu gani?" hatimaye aliuliza.

"Jua lilikuwa zuri."

Sikuwa na sababu nyingine. Eliseba alirudia maneno hayo matatu polepole, kama mtu anayeonja chakula kilichoharibika, kisha akainuka. "Usiniambie mimi peke yangu," akasema. "Leo kuna zamu za maji. Watu wote wako mferejini. Twende ukawaambie."

Zakaria alidungwa sindano na Wafula, akabaki amelala pale, na sisi tukarudi Mata kwa miguu. Mzee Lukindo alikuwa kwenye lango la juu, akigawa maji kwa saa yake ya mfukoni, kila shamba kwa zamu yake. Nilimwamkia shikamoo, nikasema yote. Wanaume waliacha majembe. Hakuna aliyenitukana, afadhali wangenitukana. Mzee aliuliza, "Na picha ile, imesema maji haya ni mabaya?"

"Ndiyo, mzee. Imesema."

"Wameiona wapi?"

"Ng'ambo. Nairobi. Voi pia."

"Sisi hapa hatuna televisheni," akasema. "Kwa hiyo wanaojua ni wale wasioingia humu."

Mtu mmoja aliguna. Mzee Lukindo alinionyesha kwa kidole mahali mfereji ulipokuwa ukiteremka kati ya mahindi na vitunguu, na watu wakiwa wameinama kila mita mia. "Wale hawajasikia. Nenda, ukaseme tena. Kwa sauti."

Nilishuka na mfereji nikasema kwa kila kundi, kwa Kiswahili, na mahali palipokuwa na wazee kwa Kitaveta changu kibovu, hadi koo likanikauka: kwamba maji hayakuponywa, kwamba nilidanganya, kwamba wasiingie. Kundi la mwisho lilikuwa wanawake wawili waliokuwa wakielekeza maji kwenye matuta yao kwa majembe na kwa miguu. Walinisikiliza hadi mwisho, wakanishukuru. Kisha mmoja wao akatazama jua, akatazama mahindi yake ambayo nusu yalikuwa hayajapata maji, na wote wawili wakaendelea na kazi, maji yakiwafika katikati ya miundi, kwa sababu zamu yao ilikuwa haijaisha.